Mayai ya Mwisho ya Jenerali

Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi. Mawingu yalitanda tangu alfajiri lakini mvua haikushuka. Asubuhi hewa ilikuwa nzito, ya kunata, na ilipokaribia adhuhuri upepo wa baridi ukaanza kuvuma, ukipeperusha vumbi na mifuko barabarani.

Siku hiyo wifi wa Hebu alifunga safari. Kwa mtu mwingine hilo lisingekuwa jambo la kusimulia. Lakini mwanamke huyu, dada wa mume wa Hebu, kazi yake ilikuwa kutotolesha vifaranga, na kwa miaka yote aliyoifanya hakuwahi kulala nje ya nyumba yake. Harusi za ndugu alizihudhuria nusu, akaondoka chakula kinapakuliwa. Msiba wa shangazi yake alikaa kidogo tu, jicho moja kwenye saa ya ukutani, mpaka wenzake mkekani wakaanza kunong'ona. Mashine zake tatu, kila moja kubwa kama kabati la nguo, zilikaa katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja, na katikati yake palikuwa na godoro. Umeme ukikatika, yeye ndiye aliyeamka kuwasha jenereta. Kengele hakuwa nayo zaidi ya ngozi yake: akihisi chumba kimepoa, usingizi unakatika wenyewe.

Hebu alikuwa mke wa kaka yake. Jina hilo alibandikwa ofisini, kwa kuwa kila jambo aliliingia kwa neno hilo: hebu ngoja, hebu tuone, hebu rudia. Likamfuata mpaka nyumbani, na sasa hata mama mkwe wake alimwita hivyo. Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta katika ofisi ndogo juu ya duka la rangi, ofisi yenye meza mbili, feni moja, na harufu ya tina ya kuyeyushia rangi iliyopanda ngazi kila duka lilipochanganya rangi. Ni yeye aliyemwandikia wifi yake programu ya kumwondoa kwenye lile godoro.

Programu yenyewe haikuwa na kompyuta yake. Ilikaa kwa kampuni moja ya mbali inayokodisha kompyuta, na makubaliano yalikuwa kwamba programu ilale. Isipokuwa na kazi, haipo. Mfugaji akifungua ukurasa wa biashara ya wifi kwenye simu ili aweke nafasi ya mayai yake, hiyo ni hodi. Kampuni inaiamsha programu, programu inamjibu mgeni, kisha inarudi kulala.

"Kumbe inafanana na mumeo," wifi alisema alipoelezwa mara ya kwanza. "Naye mpaka abishiwe hodi."

Lakini si kila hodi ilitoka kwa mtu. Ndani ya kila mashine Hebu alifunga kipimajoto kidogo chenye betri yake na laini yake ya simu. Joto likishuka kupita kiasi, kipimajoto hutuma taarifa kwa kampuni, na kampuni huiamsha programu ili ipige simu. Vilevile kila asubuhi saa ya kampuni huiamsha programu bila kuombwa na mtu, ili imtumie wifi ujumbe kuhusu joto la usiku uliopita. Sasa, kipimajoto hakifungui ukurasa, na saa haina vidole vya kubonyeza. Programu ya Hebu nayo iliandikwa kujibu wageni wa tovuti tu. Lugha nyingine haikuijua. Kwa hiyo kampuni ilikuwa na daraja dogo katikati. Taarifa yoyote isiyotoka kwa mtu ilivishwa nguo za mgeni wa tovuti, ikapelekwa mlangoni, ikabisha hodi kama wengine. Programu ikafungua bila kuona tofauti. Hebu aliupenda ujanja huo, maana ulimpunguzia kazi nusu nzima.

Ilifanya kazi vizuri kwa miezi. Umeme ukienda, simu inalia. Wifi akaanza kulala kitandani kwake, kwanza kwa wasiwasi, kisha kwa kukoroma.

Wiki moja kabla ya safari, wifi alikuja juu. Kumbe mtu yeyote aliyefungua ukurasa wake aliweza kuona nani ameleta mayai mangapi, na mfugaji mmoja mwenye mdomo alikuwa anatangaza mambo ya wenzake sokoni.

"Weka kufuli, wifi. Ukurasa wangu si kibaraza cha umbea."

Hebu akaweka mlinzi mlangoni. Kila anayebisha hodi aulizwe kwanza jina na neno la siri. Anayejulikana apite. Asiyejulikana asifukuzwe kwa ukali, maana wateja ni wateja. Aonyeshwe kwa adabu ukurasa wa kujitambulisha. Alijaribu kwa simu yake, kwa simu ya mume wake, kwa kompyuta ya ofisini. Kila kitu kilikwenda sawasawa.

Sasa habari ya safari. Mama mkwe alikuwa ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga, na hospitali ya mji wa pili ilipanga kumpasua siku ya Jumatano. Wodi ya wanawake haikuruhusu mwanamume kulala, kwa hiyo mume wa Hebu hakuweza kukaa naye. Hebu alijitolea, lakini mgonjwa mwenyewe alikataa kwenye simu.

"Wewe nakupenda, mwanangu, lakini kuogeshwa na mkwe ni mtihani. Mwambie huyo mwenye kuku aje. Nimemzaa mimi, hakuzaliwa na mashine."

Na mwenye kuku alikuwa na mayai ya Jenerali.

Jenerali alikuwa jogoo wake mwekundu, mwenye miguu minene na kifua cha kusukuma mlango. Wifi alikuwa amechagua kuku kizazi baada ya kizazi ili kumpata, na watoto wake walikua haraka na hawakuugua hovyo. Mwanzoni mwa mwezi alikufa ghafla, asubuhi aliwika, mchana akaonekana amelala ubavu. Mayai ya mwisho yaliyotokana naye yalikuwa katika mashine ya katikati, yamebakiza wiki moja kuanguliwa. Yakiharibika, ukoo umekwisha, na wifi angeanza upya kazi ya miaka.

Ndiyo maana Jumapili alitaka ushahidi. Walikutana barazani kwake: yeye, Hebu na kompyuta yake mapajani, na fundi cherehani wa jirani ambaye ndiye angebaki na funguo za chumba na jenereta. Hebu akafungua mwenyewe kwenye kompyuta mlango ule ule ambao taarifa za vipimajoto hubisha hodi, akabonyeza. Simu ya wifi ikalia. Ya fundi ikafuata. Sauti ikasema, "Joto limeshuka, mashine ya pili." Fundi alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Wifi akapiga makofi.

"Haya," akasema. "Nakwenda. Lakini ukiniharibia Jenerali akawa mayai viza, wifi, nakurudisha kwenu na mahari sitaidai."

Basi Jumanne asubuhi alipanda gari na begi moja, akamwachia fundi funguo na maelezo ambayo fundi aliyasikiliza akiitikia kabla hayajaisha.

Mchana, muda mfupi baada ya kula, feni ya ofisini ikazunguka polepole, ikasimama. Duka la rangi kule chini likapiga kelele za kawaida za umeme kukatika. Hebu aliweka simu yake juu ya meza, kioo kikitazama juu, akaendelea na kazi kwa betri ya kompyuta. Namba yake nayo alikuwa ameiingiza Jumatatu kati ya zile za kupigiwa.

Simu haikulia. Akashusha pumzi. Kama haijalia, basi kule umeme upo.

Baada ya muda mwenzake wa meza ya pili, kijana mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, alijinyoosha kitini.

"Wifi yako si yuko laini moja na sisi?"

"Laini ipi?"

"Ya umeme. Siku ile transfoma ilipolipuka si na yeye alikaa gizani? Ulishinda unatusimulia habari za jenereta."

Hebu alimtazama bila kumwona. Kisha akachukua simu, akampigia fundi.

"Fundi, habari za kazi. Huko kuna umeme?"

"Umekwenda tangu sijala, shemeji. Mimi sina shida, cherehani yangu ni ya miguu."

"Umekwenda kuangalia mashine?"

"Si mlisema simu itaita? Haijaita. Nikajua kuna mabetri huko ndani yanafanya kazi."

Hebu aliruka kitini. "Mashine hazina betri, fundi. Hebu kimbia. Kimbia sasa hivi, usikate simu."

Alisikia viatu, kufuli likigoma, mlango ukilia. Akasikia fundi akihema.

"Chumba kimepoa. Taa zote zimezimika."

"Mashine ya katikati, kuna kipimajoto cha kioo mlangoni. Nisomee."

Fundi akasoma. Namba ilikuwa ya chini kuliko Hebu alivyoogopa, lakini bado haijafikia joto la chumba. Upepo ule wa baridi ulikuwa unaingia chini ya mlango.

"Usifungue mashine. Washa jenereta."

Jenereta ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena. Fundi aliitukana kwa maneno ambayo asingeyasema mbele ya mteja. Mara ya tatu ikashika. Hebu alisubiri mpaka aliposomewa namba mpya, iliyopanda kidogo, ndipo akakata.

Mwenzake alikuwa ameshavuta kiti karibu. Wakafungua pamoja kumbukumbu za kampuni, mahali ambapo kila hodi huandikwa na matokeo yake. Taarifa za kipimajoto zilikuwepo, moja baada ya nyingine tangu umeme ulipokatika. Pembeni ya kila moja palikuwa na alama ya kijani: imefaulu, imefaulu, imefaulu.

"Sasa unahangaika nini?" akasema mwenzake. "Kijani tupu. Programu imeamka, imejibu."

"Hebu tuone imejibu nini."

Akafungua jibu lenyewe, lile ambalo programu ilikuwa imekirudishia kipimajoto. Ukurasa ukatokea: picha ya kifaranga aliyochora yeye mwenyewe, na chini yake maneno, *Karibu. Tafadhali andika jina lako na neno lako la siri.*

Mwenzake aliusoma mara mbili. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Umekiambia kipimajoto kiandike neno la siri!"

"Nyamaza."

"Mayai yanapoa, maskini kinakuja mbio kutoa habari, mlinzi anakiuliza, wewe nani?"

"Nimesema nyamaza!" Lakini naye kicheko kilimtoka puani, kicheko kibaya, na macho yakamlowa.

Mambo yalikuwa wazi sasa. Taarifa iliyovishwa nguo za mgeni ilikuwa imekutana na mlinzi mpya, mlinzi asiyeijua. Kwa adabu aliyofundishwa, akaionyesha ukurasa wa kujitambulisha. Programu ikaona imetoa ukurasa, imetimiza kazi, ikaiambia kampuni kwamba mambo ni mazuri. Kampuni iliposikia mambo ni mazuri ikaitupa taarifa. Laiti programu ingekosea kwa kelele, kampuni ingeirudisha taarifa ile ile mara kadhaa, na alama zingekuwa nyekundu. Na lile jaribio la Jumapili lililopigiwa makofi? Hebu aliubonyeza mlango kwa kompyuta yake, ambayo mlinzi alishaijua, maana asubuhi ile Hebu alikuwa amejitambulisha. Alikuwa amejaribu kama Hebu anapita. Kama kipimajoto kinapita, hakujaribu.

Akampigia mume wake kwanza. Alisikia nyuma yake mlio wa karakana anakofanya kazi.

"Usimwambie leo," mume akasema. "Kesho mama anapasuliwa. Mashine si zinafanya kazi sasa? Tengeneza kimyakimya. Akirudi utamweleza."

"Na umeme ukienda tena jioni hii?"

"Si utakuwa umetengeneza."

"Jumapili nilikuwa nimetengeneza."

"Haya. Ila dada yangu akikurarua, mimi simo."

Alimpata wifi akiwa ameshafika wodini. Nyuma yake sahani ziligongana na mtu aliitwa kwa namba ya kitanda.

"Mama vipi?"

"Mama anagombana na nesi kuhusu mto. Mashine?"

"Hebu nikwambie..."

"Hiyo hebu siipendi. Sema."

Akamwambia yote, kuanzia umeme mpaka kifaranga wa kwenye ukurasa. Hakupunguza wala hakuongeza.

"Jenerali?" wifi akauliza.

"Trei zake zimepoa. Sasa joto limerudi. Jioni nitayamulika mayai kwa tochi nione."

"Kwa hiyo nilikaa kwenye gari nimefungua vifundo vya moyo, nakula karanga, mayai yangu yanapoa."

"Ndiyo, wifi."

"Na ile salamu ya asubuhi? Ile ya joto la usiku. Tangu katikati ya wiki iliyopita siipati. Nikadhani umeiondoa kwa kuwa nilisema inanichosha."

Hebu alifumba macho. Saa nayo iliulizwa neno la siri. "Sikuiondoa. Imekwama pale pale. Ungeniambia..."

"Ningekwambia! Wewe ndiye mwenye kompyuta." Sauti ya wifi ilishuka. "Nataka kurudi."

Kwa mbali sauti ya kizee ikapenya. "Nani anarudi? Anarudi wapi? Kesho nikiingizwa huko ndani nani atanishikia meno yangu?"

"Nyamaza kidogo, mama." Kisha kwa Hebu: "Sikiliza. Usiniambie umetengeneza. Nimeshaambiwa sana. Gari la mwisho la kurudi linaondoka saa kumi na mbili. Kabla ya hapo nataka kipimajoto kinipigie. Si wewe na vidole vyako. Chenyewe. Kisiponipigia, napanda gari, na mama atanisamehe au asinisamehe."

"Sawa, wifi."

"Na usiniombe radhi. Huna muda."

Hebu hakugusa hata maji tangu hapo. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, ila alilazimika kuifanya polepole, na upolepole huo ndio uliompa jina lake ofisini. Kumwondoa mlinzi hakutaka. Ukurasa ungerudi kuwa kibaraza. Akakata mlango mwingine, wa nyuma, kwa ajili ya taarifa zisizotoka kwa watu. Kwenye mlango huo hakuna kuulizwa jina wala neno la siri. Kinachotazamwa ni muhuri ambao daraja la kampuni peke yake huuweka. Mtu akija pale kwa simu yake, hata awe Hebu mwenyewe, anakataliwa. Kisha akaufundisha mlango huo kusema kweli. Kama simu zimepigwa, useme zimepigwa. Kama kuna chochote kimeshindikana, useme umeshindwa, bila adabu na bila picha ya kifaranga, ili kampuni iirudishe taarifa na ijaribu tena.

"Ikirudishwa, si watu watapigiwa mara mbili?" mwenzake akauliza. Alikuwa anasoma begani kwake, safari hii bila utani.

"Wapigiwe."

Aliituma programu mpya kwa kampuni, akaifunga kompyuta, akashuka ngazi mbili mbili, akachukua pikipiki.

Fundi alikuwa amekaa kizingitini mwa chumba cha mashine kama aliyewekwa rehani, sketi ya mteja magotini, akishona upindo kwa mkono. Jenereta ilikuwa inanguruma uani.

"Sijaondoka hata kwenda msalani, shemeji."

"Nenda, fundi. Nipo."

Hebu aliingia. Chumba kilikuwa kimepata joto lake la kawaida na harufu yake ya manyoya na maganda. Alichomoa kipimajoto cha mashine ya katikati kwa uangalifu, akafunga mlango wa mashine haraka, akakichovya ndani ya bakuli la maji ya mtungi. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, kompyuta sakafuni.

Hakuna kilicholia.

Fundi alirudi, akasimama mlangoni, akatazama bakuli, akamtazama yeye.

Hebu alifungua kumbukumbu za kampuni. Taarifa ilikuwa imefika. Pembeni yake palikuwa na alama nyekundu.

"Nyekundu," akasema, na fundi hakuelewa kwa nini alitabasamu.

"Si vibaya?"

"Ni vibaya. Lakini imesema."

Programu ilikuwa imeandika na sababu: mlango wa nyuma ulifunguka vizuri, taarifa ikaingia, ila namba za simu zilihifadhiwa chumba kingine ambacho bado kilikuwa chini ya mlinzi. Mlango wa nyuma ulitaka kupiga simu ukakuta hauna namba. Hebu aliwahi kuwaza juu ya hilo ofisini na akalisahau. Akauruhusu mlango wa nyuma kuzisoma namba hizo, akaituma programu tena. Ukutani saa ya wifi ilionyesha kwamba saa kumi na mbili haiko mbali. Akanyoosha mkono achovye kipimajoto upya.

Kabla hajakigusa, simu ya fundi ikalia. Na yake. Kampuni ilikuwa imeirudisha ile taarifa ya kwanza, yenyewe, na safari hii ikapita. "Joto limeshuka, mashine ya pili," sauti ikasema katika simu zote mbili, moja ikichelewa nyuma ya nyingine. Fundi alitaka kuruka ukuta.

Wala hawajamaliza kusikiliza, zikalia tena, maana kipimajoto kilikuwa bado majini na kimetuma taarifa mpya.

Kisha ikaja simu ya tatu, na hii ilikuwa ya mtu.

"Imenipigia mara mbili!" wifi alifoka. "Nimo kwenye foleni ya tiketi hapa, watu wote wananitazama. Nani amebonyeza?"

"Hakuna aliyebonyeza. Kipo kwenye bakuli la maji."

"Fundi yupo hapo? Nipe fundi. Fundi, amebonyeza?"

"Wallahi hakugusa kitu, dada. Alikuwa ameketi juu ya ndoo."

Wifi akavuta pumzi ndefu. Nyuma yake kondakta aliita abiria wa mwisho.

"Yamulike mayai basi," akasema. "Nitasubiri hapa hapa stendi. Usikate."

Hebu akakirudisha kipimajoto mahali pake kikiwa kimefutwa. Fundi akaziba dirisha kwa sketi ya mteja. Wakavuta trei moja moja, upesi, Hebu akiweka yai juu ya tundu la tochi na kulizungusha kwa vidole viwili, kama alivyowahi kumwona wifi akifanya. Mwanga ukapita kwenye ganda na kuonyesha mishipa myekundu, na ndani yake kivuli cheusi. Yai la kwanza kivuli kilitulia. Akasubiri. Kikajitikisa, kidogo, kama mtu anayevuta shuka.

"Limetikisika," akasema kwenye simu.

"Endelea."

Akaendelea. Mengi yalitikisika. Katika trei ya chini, iliyokuwa karibu na upepo wa mlangoni, matatu yalikaa kimya hata alipoyasubiri zaidi ya mengine. Akamwambia na hilo.

"Usiyatoe," wifi akasema. "Yaache. Mengine ni mavivu kama mumeo." Honi ikalia nyuma yake. "Gari limeondoka."

"Umepanda?"

"Ningepanda ningekuwa naongea na wewe nimesimama? Narudi wodini. Nimemwachia meno yake kwenye kikombe bila kifuniko, atanisema mpaka asubuhi."

Umeme ulirudi jioni giza likiingia. Hebu alizima jenereta, akampa fundi mkono, akaenda nyumbani. Mume wake alikuwa amepika, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni akitafuta alama za kuraruliwa. Hakuziona. Akampakulia bila kuuliza.

Asubuhi yake, kabla ya kwenda kazini, Hebu alipitia kwa wifi yake. Mashine ya tatu ilikuwa tupu wiki hiyo, ingawa inawaka. Akaichomoa kwenye umeme, akauacha mlango wake wazi, kisha akatoka uani akasimama, simu na kompyuta yake vikiwa vimefungwa ndani ya mkoba, mikono mitupu. Alisimama mpaka fundi alipochomoka dukani kwake mbio, viatu vimekanyagwa visigino, funguo mkononi, simu ikimwimbia sikioni. Hebu akamwomba radhi kwa kumshtua, akaichomeka mashine, akaenda ofisini.